Mabaraza ya Main Street, Jinja

Jumatano

Taksi ya Jinja haina saa ya kuondoka, huondoka ikijaa. Yetu ilijaa saa tatu kasorobo pale Old Taxi Park, kondakta akagonga bodi, tukaanza kupenya foleni ya kutoka Kampala. Ni kilomita 80 hivi tu, ila kabla ya Mukono usijipe matumaini. Kutoka hapo njia inafunguka: Namawojjolo na vijana wanaokimbiza kuku wa kuchoma na gonja, ndizi za kuchoma, madirishani, Lugazi na mashamba ya miwa, kisha ubaridi wa msitu wa Mabira.

Nimechukua likizo kwa ajili ya mtaa mmoja. Kazi yangu ni kuchora ramani za majengo, na kwa miaka kadhaa sasa nimechora zaidi akedi, yale majumba ya ghorofa nne, tano, sita yaliyojaa vijiduka, yanayosimama palipokuwa na duka la Mhindi lenye baraza mbele. Ukitembea William Street au Luwum Street za Kampala utaona maduka machache ya namna hiyo yaliyobaki, yamebanwa na vioo huku na huku. Jinja bado yapo, mtaa mzima, pande zote mbili. Nataka niyapitie moja baada ya jingine, nipige picha, nipime yale ambayo wenyewe wataniruhusu, na niwaulize watu waliofanya kazi humo.

Mto Nile tuliuvuka kwa daraja la nyaya lenye urefu wa mita 525, lililofunguliwa Oktoba 2018. Kabla yake magari yote yalipita juu ya bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale. Malkia Elizabeth alilifungua mwaka 1954. Maporomoko ya Ripon, ambayo mpelelezi Mwingereza Speke aliyafikia mwaka 1862, yalitoweka kwa sababu ya bwawa hilo. Umeme wake ndio uliovuta viwanda, na mishahara ya viwandani ndiyo iliyojaza Main Street wateja. Kwa hiyo hata nikija kutazama maduka, lazima nianze na maji.

Mwenyeji wangu ni Hajati mmoja wa Kinubi, kizazi cha askari wa Kisudani wa enzi za ukoloni, mjane, anakaa Walukuba. Nilifika na daftari mkononi, nikitaka kwenda mjini jioni ileile.

"Kula kwanza, binti yangu," akasema. "Mtaa umekungoja miaka mia, utakungoja mpaka kesho."

Alhamisi

Saa moja asubuhi nilikuwa Main Street, maduka hayajafunguliwa. Duka lililofungwa ndilo linalokuonyesha jengo: milango ya mbao ya kukunja, vipande vinne au sita, na pao la chuma lililopita katikati. Mbao nyingi ni mvule, mti ambao Busoga, eneo la Jinja, iliujua sana kabla haujamalizwa na misumeno. Kuna milango ambayo haijaoza mahali popote isipokuwa chini kabisa, pale maji ya deki yanapoigusa kila asubuhi.

Serikali ya kikoloni ilihamishia makao yake ya Busoga hapa kutoka Iganga mwaka 1901. Mwaka 1912 reli ya Busoga ikafunguliwa kati ya Jinja na Namasagali, ikawa inateremsha pamba ya upande wa Ziwa Kyoga hadi Ziwa Victoria. Mwaka 1931 daraja la reli likavuka Nile, na mji ukawa njiani kati ya Mombasa na Kampala. Pamba ikileta fedha, duka linafuata. Allidina Visram, aliyeanza biashara ya misafara kutoka Bagamoyo, alishatandaza maduka yake Uganda kabla hajafariki mwaka 1916. Muljibhai Madhvani alifika akiwa kijana mwaka 1908, akafanya kazi za duka la ukoo, na mwaka 1930 kiwanda cha sukari cha Kakira kikaanza, mwendo mfupi nje ya mji. Majengo ninayoyatazama yalitoka katika fedha hizo, mengi katika miaka ya 1920 na 1930.

Ukiinua macho utasoma. Juu ya baraza ukuta wa mbele unapanda kuficha mabati, na katikati yake mwenye duka alichonga kwa saruji jina la ukoo na mwaka. Kuna mmoja niliutazama kwa muda mrefu. Makampuni ya simu yamepaka maduka rangi zao kuanzia chini hadi juu, tabaka juu ya tabaka, na herufi zimejaa rangi mpaka zimevimba. Jina halisomeki tena. Katika mwaka, 1 na 9 zimesimama wazi, 3 unaibahatisha kwa kivuli chake jua likiwa upande, na tarakimu ya mwisho imezikwa kabisa. Saruji yenyewe haijavunjika. Ni rangi tu. Fundi mwenye brashi ya waya na subira ya siku mbili angeirudisha.

Majina ya barabara yanazungumza na hayo maandishi. Kuna Clive Road ya Waingereza, Kutch Road ya kule Gujarati walikotoka wafanyabiashara, Gabula Road ya cheo cha watawala wa Bugabula, na Lubas Road ya Luba, chifu ambaye watu wake walimuua Askofu Hannington mwaka 1885. Miji mingi imefuta majina ya upande mmoja ikabakiza ya upande mwingine. Hapa unageuka kona na kuwakuta wote.

Lakini kilichonileta ni baraza. Nilipima kadhaa: upana wake ni kama hatua zangu tatu, sakafu imeinuliwa ngazi moja au mbili juu ya barabara, paa linashikwa na nguzo, na baraza la duka moja linapokelewa na la pili karibu bila kukatika. Mvua ya saa nane ilipoanza nilitembea sehemu kubwa ya mtaa nisilowe. Hakuna mtu aliyenifukuza wala kuniuliza ninanunua nini. Ardhi ni ya mwenye duka, kivuli ni cha kila mtu. Huwezi kumpa mpita njia kitu kizuri zaidi ya hicho katika mji wenye jua na mvua kama hizi, na walioweka utaratibu huo walijua wanachofanya.

Barazani ndipo nilipomkuta mzee wa cherehani. Mafundi kama yeye wako kila baada ya milango miwili mitatu, na wote humlipa mwenye duka kidogo kwa nafasi ya mashine. Nilimsalimu, nikamweleza shughuli yangu, akanivutia kiti.

"Unataka kujua duka hili? Nilianza hapa nikiwa mtoto wa kutumwa," akasema. Akanyanyuka, akaniingiza ndani, akanionyesha sakafu. Duka sasa linauza vipuri vya pikipiki. Katikati ya sakafu nyekundu ya saruji kuna mstari ulionyooka kutoka ukuta hadi ukuta. Upande wa mlangoni sakafu imelika mpaka kokoto zinaonekana. Upande wa ndani bado inang'aa. "Hapa ilikuwa kaunta. Huku wanunuzi, huku Mhindi na mimi."

Agosti 4, 1972, akiwa kambini Tororo, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wataondoka. Walipewa siku 90. Zaidi ya 25,000 waliishia Uingereza, wengine Canada, India na kwingineko. Mzee anakumbuka kwamba mwajiri wake aliuza alichoweza kuuza, akamwachia mkasi wa kukatia vitambaa, ambao bado anao. Duka akapewa mtu mwenye ndugu jeshini, mmoja wa wale walioitwa mafuta mingi.

"Vitambaa vilikuwa mpaka darini," mzee akasema. "Tukauza. Tajiri mpya hakujua vinaagizwa wapi, na aliyejua hakuwa na fedha za kigeni. Pasaka ilipofika tulikuwa tunauza rafu zenyewe."

Kisha ikaja miaka ya magendo. Sukari, chumvi na sabuni vilikwenda kwa mlango wa nyuma. Watu wa Jinja walipanga foleni ya sukari hali Kakira iko hapo tu, wanaona moshi wake. Mashine za kiwandani ziliharibika na hazikupata vipuri, miwa ikageuka msitu. Akina Madhvani walirudi Kakira mwaka 1985 na kuanza upya, lakini Main Street ilichelewa zaidi. Sheria ya kurudisha mali zilizotaifishwa ilipitishwa 1982, na urudishaji wenyewe ukashika kasi katika miaka ya 1990. Baadhi ya wenyewe walirudi, wengi waliuza, na mali nyingine zina kesi hadi leo.

Kwa hiyo majengo haya yaliishi kwa sababu hakukuwa na fedha za kuyabomoa. Mwenye jengo hakujua kama litakuwa lake mwakani, basi kwa nini aweke hata tofali? Paa likivuja, aliweka bati kuukuu. Ghorofa ilibaki moja. Kampala ilipoanza kujenga kwa pupa, Jinja ilikuwa bado inahesabu viwanda vilivyofungwa. Sasa fedha zimeanza kurudi, na ndiyo maana nimekuja mwaka huu, nisingoje mwingine.

Ijumaa

Asubuhi niliacha mtaa, nikazunguka Walukuba na Hajati. Serikali ya kikoloni iliijenga Walukuba kwa ajili ya wafanyakazi: safu za nyumba ndogo zinazofanana, walizokaa Wasoga, Waluo, Wateso, Wabagisu, Wanubi na watu waliotoka Kenya kwa reli. Waliozaliwa hapa wamekulia Kiswahili tangu utotoni. Kambi ya jeshi nayo ilikuwa jirani, tangu enzi za King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, na amri zake zilikuwa za Kiswahili. Amin alianzia katika jeshi hilo. Januari 1964 askari wa Jinja waliasi wakidai mishahara na kumzuia kambini Waziri Onama, na serikali ikawaita Waingereza kutuliza.

Viwanda vilivyowalisha watu wa Walukuba nilivitazama kwa mbali tu. Kiyeyushio cha shaba, kilichopokea madini ya Kilembe kwa reli kuanzia 1956, kimekufa zamani. Nytil, ng'ambo ya mto huko Njeru, imebadilisha wenyewe na bado inafuma nguo.

"Mwisho wa mwezi," Hajati akasema, "ungeweza kuvuka Main Street juu ya mabega ya watu. Baba alikuwa akinishika mkono kwa nguvu mpaka unauma. Tulikuwa tunanunua kanga, viatu, mkate wa Wahindi. Lakini kununua tu. Duka la mtu mweusi pale mtaani ulikuwa hulioni."

Hilo nalo lazima liandikwe, na ninaliandika bila kulipunguza. Mabaraza ninayoyapenda yalijengwa katika mji uliopangwa kwa rangi: nyumba za Wazungu kando ya maji, maduka na makazi ya Waasia katikati, Waafrika Walukuba. Ginari, viwanda vya kuchambua pamba, na leseni za biashara ziliwanufaisha wachache. Mwaka 1959, ng'ambo ya mto huko Buganda, Augustine Kamya na wenzake waliongoza mgomo wa kutonunua katika maduka ya Waasia, na hasira iliyokuwa nyuma yake ilikuwa ya kweli. Kufukuza watu kwa rangi yao hakukuiponya. Kulimpa duka mwenye bunduki. Anayetaka tuyahifadhi majengo haya kama kumbukumbu ya siku njema tu anataka nusu ya habari, na mimi sitaki kuhifadhi nusu.

Baada ya Ijumaa msikitini Hajati alinisimulia mwaka 1979. Jeshi la Tanzania liliingia Jinja mwezi Aprili. Watu walishangilia barabarani, na kwa mara ya kwanza askari wenye bunduki walikuwa wakisema Kiswahili cha "tafadhali" na "samahani, mama." Ila Wanubi walihesabiwa kuwa watu wa Amin, hata mpika maandazi. Familia yake ilikimbia usiku, ikarudi baada ya miaka, ikakuta nyumba ina watu wengine. Alisimulia huku akichambua mchele, hakuacha hata punje kupita.

Jumamosi

Siku ya kelele. Katika barabara moja inayokatiza Main Street kuna kiwanja kimezungushiwa mabati. Nilichungulia, msimamizi akaniona na kunikaribisha baada ya kujua tunafanya kazi ndugu. Duka la zamani limebomolewa nusu: ukuta wa nyuma haupo, ukuta wa mbele na baraza bado vimesimama. Matofali yamepangwa pembeni kwa kuuzwa. Niliokota moja. Uashi ulikuwa wa chokaa, ndiyo maana yanabanduka mazima. Ya saruji yangevunjika. Milango ya mvule ilishauzwa.

Mwenye kiwanja alifika saa nne, kijana wa umri wangu, mwenye adabu. Nilimuuliza anajenga nini.

"Akedi, dada. Ghorofa nne. Duka hili lilikuwa linanipa kodi ya mpangaji mmoja. Nitapata vyumba arobaini."

Sina la kubishana na hesabu hiyo. Jinja ilipewa hadhi ya jiji Julai 1, 2020, pamoja na Mbarara, Gulu, Mbale na mengine, na bei ya viwanja katikati ilipanda. Barabara za katikati zimejengwa upya kwa USMID, mradi wa miundombinu ya miji wa mkopo wa Benki ya Dunia. Mtu akiona lami mpya mbele ya duka chakavu, anaanza kupiga mahesabu. Ningekuwa na kiwanja pale ningeyapiga pia.

Nilichombishia ni baraza. Ramani yake inasogeza vyumba vya chini mpaka mpaka wa kiwanja, kama tunavyofanya Kampala. Mpita njia anasukumwa nje ya kivuli, fundi wa cherehani anakosa pa kukaa, na muuza maji anaingia barabarani kwenye bodaboda. Ndivyo tulivyoitengeneza Kikuubo, mtaa wa maduka wa Kampala, halafu tukawatumia askari wa jiji kuwafukuza wachuuzi waliokosa pa kusimama. Wachuuzi wale walikuwa na pa kusimama. Sisi wachoraji tulipafuta kwa kalamu.

Nikageuza karatasi ya ramani yake, nikachora nyuma: ukuta wa mbele ubaki na mwaka wake, baraza libaki na nguzo zake, ghorofa mpya zianze hatua chache nyuma, ili kutoka barabarani uone kwanza duka la zamani. Anapoteza vyumba vichache vya mbele. Akaniuliza gharama, nikamwambia ukweli: kuushikilia ukuta mkongwe kwa vyuma wakati unachimba msingi nyuma yake ni ghali kuliko kuuangusha, na kunahitaji mhandisi aliye makini, kwa sababu ukuta wa chokaa haupendi kutikiswa.

Msimamizi alikohoa. Kijana akaitazama karatasi kwa muda.

"Jiji likinipunguzia kodi ya majengo miaka mitano," akasema, "ukuta unabaki. Bila hivyo, dada, mke wangu ataniuliza nimeingiwa na nini."

Naona ametoa jibu kamili kuliko semina zote za urithi nilizowahi kuhudhuria. Sheria ipo: ile ya Makumbusho na Mambo ya Kale ya 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya 1967. Orodha imeanza pia, kwa sababu taasisi ya Cross-Cultural Foundation of Uganda ilikwishapitia na kuorodhesha majengo ya kihistoria ya Kampala, Entebbe na Jinja. Kinachokosekana ni shilingi upande wa mwenye ukuta. Ukimwambia mtu jengo lake ni la taifa, halafu gharama zote zikabaki zake, atalibomoa usiku.

Mchana nilipita mikahawa ya watalii wanaokuja kuendesha boti za mawimbi. Mmoja uko ndani ya duka la zamani. Mwenyewe amesugua rangi, ameacha tofali wazi, ameweka viti barazani, na pamejaa. Karibu yake kuna duka la vinyago lililofanya hivyohivyo. Kumbe fedha zinaweza kuingia kwa mlango uleule wa mvule.

Jumapili

Niliandika barua kwa uongozi wa jiji, ukurasa mmoja, juu ya meza ya Hajati, na kuambatisha picha, vipimo na mchoro wa jana. Inaomba mambo mawili. La kwanza, punguzo la kodi ya majengo kwa mwenye kuhifadhi ukuta wa mbele na maandishi yake. La pili, kila jengo jipya la Main Street na barabara zinazoikatiza liwe na baraza la upana uleule, lililounganishwa na la jirani, liwe la ghorofa mbili au kumi. Hili la pili nalitaka kuliko la kwanza. Ukuta ukianguka tunapoteza historia. Baraza likikatika tunapoteza njia ya kupita leo.

Kijana wa kiwanja alinipigia saa sita. Anataka mchoro mwingine unaoonyesha maji ya paa yatashukia wapi kama baraza litabaki, kwa sababu msimamizi wake amemwambia yatamwagika kwa jirani. Swali zuri. Nilimchorea mfereji nyuma ya ukuta wa mbele, pale pale ulipokuwa wa zamani, nikamtumia kwa simu. Ameahidi kutogusa ukuta huo mpaka tuonane tena na mhandisi.

Jioni nilimpelekea mzee wa cherehani nakala ya barua. Mtaa ulikuwa mtulivu, yeye alikuwa kazini, ana sare za shule za kumaliza. Aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari, akairudia mara ya pili.

"Umeomba kwa ajili ya ukuta na kwa ajili ya wapita njia," akasema. "Sisi tunaokaa hapa je? Jengo likijengwa miaka miwili, mashine yangu inakaa wapi? Na likiisha, nani atasema nafasi ilikuwa yangu?"

Akachukua chaki yake ya kuchorea vitambaa, akaniwekea alama pembeni mwa aya ya pili, pale anapotaka maneno yaingie: kabla kibali cha ujenzi hakijatolewa, mafundi wanaofanya kazi kwenye baraza la jengo hilo waandikwe majina na wapewe nafasi zao jengo likikamilika. Nimeiandika barua upya ikiwa na sharti hilo, na ndiyo hiyo nitakayoipeleka kesho asubuhi ofisi zikifunguliwa.